Kwa Kauli Moja

Kuna sentensi nimeichapa mara nyingi kuliko jina langu: "Kikao kwa kauli moja kilimteua ndugu ............ kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu." Nimeihifadhi kabisa kwenye kompyuta, nukta zake zinasubiri jina tu. Steshenari yangu iko Temeke, hatua chache kutoka mahakamani, na ugali wangu hautoki kwenye kopi wala picha za pasipoti. Unatoka kwenye mihutasari ya vikao vya ukoo. Mtu akifariki, ndugu wanakaa, wanateua msimamizi, wanaandika muhtasari, wajumbe wanatia saini, ndipo mirathi inafunguliwa. Wengine wananiletea muhtasari uliokwaruzwa kwenye karatasi ya daftari. Wengine wanakuja na ukoo mzima, watu saba kwenye benchi la watu wanne, na ugomvi uliokwisha jana Mbagala unaanza upya mbele ya printa yangu.

Nayasema haya ili mnielewe, maana nyumbani wameshanichoka. Mwezi wa pili huu nasoma tarikhi ya wafalme ambao hawajawahi kuishi, na ninagombana nao kama nilivyozoea kuwasikia watu wa kwenye benchi.

Kitabu nilikiokota Posta, kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandika chini. Muuzaji alisema elfu ishirini, nikasema kumi, tukaachana na kumi na mbili. Jalada limekatika kona, na ndani, ukurasa wa 211, kuna kipande cha tiketi ya ndege. Nadhani mwenyewe aliishia hapo. Kinaitwa Fire & Blood, kimeandikwa na Mmarekani George R. R. Martin na kilitoka mwaka 2018. Huyo ndiye yule wa majoka na Kiti cha Chuma. Tamthilia iliyochotwa kwenye kitabu hiki ilianza kuonyeshwa mwaka 2022, na vijana wa jirani wanaouza muvi kwenye flashi wanaijua kuliko mimi.

Mtoto wa dada yangu aliponikuta nimekifungua, umeme umekatika, nimekaa mlangoni kupata mwanga, akacheka. "Ma'mdogo, yaani historia ya kweli haijakutosha, unasoma na ya uongo?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikuwa kwenye Aegon wa kwanza, aliyeshuka pwani na dada zake wawili, ambao pia ni wake zake (astaghfirullah, lakini ndivyo ukoo wao ulivyo), na majoka matatu. Zilikuwa falme saba, wakazipigisha magoti sita. Watu wa kusini, Dorne, waligoma. Hawakusimama uwanjani kusubiri kuchomwa. Walihama majumba, wakajificha, wakarudi usiku, na mwaka wa 10 wa utawala ule wakamwangusha malkia mmoja na joka lake. Hapo nilifurahi, ingawa sikujua kwa nini niwe upande wa Dorne. Labda kwa sababu na mimi ni mtu wa kusini. Bibi mzaa mama alikuwa wa Kilwa Kivinje.

Mnaotafuta riwaya, hiki siyo. Hakuna mtu unayeingia kichwani mwake ukajua anawaza nini. Kimeandikwa kama anavyoandika mwanachuoni: fulani alizaliwa, akatawala miaka kadhaa, akaoa, akafa, wengine wanasema kwa homa. Na mwandishi wa kweli amejificha nyuma ya mwandishi wa bandia. Anayetusimulia ni mwanachuoni wa nchi hiyohiyo ya kubuni, Gyldayn, ambaye mengi hakuyaona. Amekaa maktabani na vitabu vya watu waliokufa, anavilinganisha.

Vitabu hivyo ndivyo vilivyonikamata. Kwenye vita kubwa ya kitabu, ndugu kwa ndugu wakigombea kiti, Gyldayn ana mashahidi watatu wakubwa. Wa kwanza ni Munkun, msomi wa ikulu, ambaye sehemu kubwa ameitoa kwenye maandishi ya msomi aliyemtangulia, Orwyle, na Orwyle aliandika akiwa kifungoni. Wa pili ni Eustace, kasisi, mambo ya chumbani anayaandika, ila kwa kunong'ona na kulaani. Wa tatu ni chale wa ikulu, mbilikimo anayeitwa Mushroom, mimi namwita Uyoga. Watu walimwona punguani, kwa hiyo hawakunyamaza alipopita. Alisikia kila kitu. Hakujua kuandika, akasimulia, mtu akamwandikia.

Huyo mtu aliyemwandikia, jina lake halipo popote kitabuni. Nilipofika pale nilikiweka kitabu kwenye paja nikatazama barabara kwa muda. Wachapaji wenzangu, mnanielewa.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka 129 (wao wanahesabu tangu Aegon wa kwanza alipoiteka nchi). Mfalme Viserys kafa usingizini. Kaacha binti wa mke wa kwanza, Rhaenyra, ambaye mwaka 105 mabwana wote waliitwa wakaapa kwamba ndiye mrithi. Kaacha pia mke wa pili, Alicent, mwenye watoto wa kiume. Mtumishi anakwenda kumpa malkia habari. Unategemea nini? Kilio, turubai, watu waitwe. Malkia hakulia kwa sauti. Mlango ulifungwa, baraza likaitwa usiku huohuo, na maiti ya mfalme ikaachwa kitandani siku kadhaa mpaka ikaharibika, wakati watu wanapanga nani akalie kiti.

Ndani ya baraza alikuwemo mzee mmoja mtunza hazina, Lyman Beesbury. Alisimama akasema kiapo ni kiapo, mrithi ni binti. Na hapo ndipo yalipomkuta, lakini yalimkutaje?

Orwyle anasema mzee alikamatwa akapelekwa mahabusu, na huko, akisubiri kesi yake, baridi ikamuua. Eustace anasema mkuu wa walinzi, Criston Cole, alimkandamiza kwenye kiti akamchinja kwa jambia palepale mezani. Uyoga anasema siyo jambia: Cole alimkamata mzee kwa ukosi, akamrusha dirishani, akadondokea miiba ya chuma iliyokuwa kwenye handaki chini.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Halafu nikaanza kuwapima kama ninavyopima watu wa kwenye benchi. Orwyle alikuwemo kikaoni, sawa, lakini anaandika akiwa kifungoni, shingo yake mwenyewe inasubiri hukumu. Mtu wa namna hiyo lazima mauaji yageuke mafua. Kasisi hana cha kupoteza sana, ila alikuwa mtu wa upande wa malkia na wanawe, na bado kasema kuna damu, basi ushahidi wake una uzito. Uyoga? Uyoga hakuwa hata mjini! Alikuwa kisiwani, Dragonstone, kwa Rhaenyra. Ameyasikia kwa waliosikia. Lakini ukiniuliza mwaka mzima baadaye ni kifo kipi nakikumbuka, nitakwambia dirisha.

Na Gyldayn hachagui kwa niaba yangu. Ananiwekea vyote vitatu mezani, anakohoa kidogo kumdharau Uyoga, anaendelea na safari. Kuna mahali pengine anakiri kwa shingo upande kwamba chale huenda ndiye mkweli. Huyu Martin ni fundi. Angeandika tu "Cole alimchinja mzee," ningesoma kama hadithi nikapita. Aliponipa watu watatu wanaopingana, nikajikuta natafuta ukweli wa jambo ambalo halikutokea. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mtoto.

Kwa sababu mimi najua "kwa kauli moja" inavyopikwa. Namchapia mtu muhtasari wenye wajumbe tisa waliokubaliana, na wakati nachapa, mjumbe wa nne yuko nje kwa muuza kahawa anaapa hatosaini mpaka afe. Namsikia. Mke mdogo hajafika kwenye kikao, jina lake limo. Karatasi inatoka kwenye printa imenyooka, safi, ina moto bado, na haina hata chembe ya kelele ile. Miaka hamsini ijayo mjukuu ataikuta kwenye sanduku aamini kwamba babu zake walikuwa watu wa amani.

Kitabuni kuna kikao kama hicho, kikubwa kuliko vyote. Mwaka 101 mfalme mzee, Jaehaerys, alikuwa amewazika wanawe wawili waliokuwa warithi wake, yaani wao walitangulia yeye akabaki. Akaita mabwana wa nchi nzima, zaidi ya elfu moja, kwenye ngome ya Harrenhal, waamue. Wakachagua mjukuu wa kiume aliyetokana na mwana wa kiume, ndiye Viserys yuleyule, wakamwacha mtoto wa mjukuu wa kike, Rhaenys, na Rhaenys mwenyewe. Hesabu ya kura haikutangazwa. Ilisemwa tu kwa minong'ono kwamba ni ishirini kwa moja. Na kile kikao kiliamua nini hasa? Wengine wakasema: tumeamua mwanamke harithi kabisa. Wengine: tumemchagua huyu tu kwa leo. Muhtasari mmoja, na miaka 28 baadaye watu wanachomana kwa majoka kwa sababu ya kuusoma tofauti. Ningekuwa mimi ndiye mchapaji wa Harrenhal ningewauliza kabla sijabonyeza: waheshimiwa, hapa mnamaanisha nini? Huwa nauliza. Huwa wananijibu, "Dada, wewe chapa."

Kipande nilichokipenda kuliko vita ni cha huyo Jaehaerys na mkewe Alysanne. Walizaa watoto 13 na wakazika wengi wao. Alysanne alikuwa akisafiri anakaa na wanawake peke yao, wanaume nje, anawasikiliza. Katika vikao hivyo akasikia habari za wajane: mume akifa, watoto wa mke mkubwa wanamtoa bi mdogo ndani, wakati mwingine na nguo alizovaa tu. Akamsumbua mumewe mpaka ikatoka sheria, mwaka 52: mrithi ni mrithi, lakini mjane asifukuzwe, asinyang'anywe watumishi wala nguo wala kipato, aishi kama alivyokuwa akiishi mumewe akiwa hai. Na upande wa pili, mwanamume asiwanyime urithi watoto wa mke wa kwanza ili awape wa mke wa baadaye.

Nilicheka peke yangu, maana jana yake tu nilikuwa nimemchapia mama mmoja barua. Kafiwa arobaini haijaisha, mashemeji wamebadilisha kitasa. Alikuwa ananisomea yeye, mimi nachapa, na kila alipofika neno "kitasa" alinyamaza kwanza. Majoka hayapo Temeke, lakini kitasa kipo.

Yapo niliyoyaruka, sitaki kuwadanganya. Kuna kurasa ni orodha ya mabwana na nembo zao, karamu na nani alikaa karibu na nani, nilipita mbio kama daladala inayokwepa trafiki. Majina nayo ni taabu tupu: Aegon juu ya Aegon, Rhaenys, Rhaena, Rhaenyra, Rhaella. Nikachora mti wa ukoo wao, Targaryen, nyuma ya karatasi iliyoharibika, nikaubandika ukutani karibu na bei za kopi. Mteja mmoja aliuliza kwa huruma ni mirathi ya nani hiyo yenye warithi wengi hivyo. Sehemu ya mwisho, mfalme akiwa mtoto na watu wazima wanatawala kwa niaba yake, imevutwa mno. Wanawake wanaokufa kwa uzazi nao wamezidi. Baada ya wa tano au wa sita unaona mkono wa mwandishi unaotaka kumwondoa mtu jukwaani. Tena kitabu kinaishia njiani, nusu ya kwanza ya ukoo tu. Nusu ya pili hajaitoa.

Mwenyewe amewahi kusema alichota kwa Waingereza. Mfalme Henry wa kwanza mwanawe alizama na merikebu mwaka 1120, akawaapisha mabwana kwa binti yake Matilda, na alipokufa mwaka 1135 mpwa wake Stephen akakimbilia taji. Vita ikachukua miaka. Sawa. Lakini mimi nikisoma habari ya maiti iliyofichwa sikwenda Uingereza. Nilivuka bahari hapo mbele tu.

Seyyid Said alifia baharini Oktoba 1856, akirudi Unguja kutoka Maskati. Mwanawe Barghash alikuwa naye melini. Walipofika, Barghash alimshusha baba yake usiku, kimyakimya, akamzika, akijaribu kutwaa madaraka kabla kaka yake Majid hajajua kinachoendelea. Haikufaulu, Majid akashika. Miaka mitatu baadaye ndugu wakapigana kweli, Barghash akazingirwa shambani akashindwa, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza wakagawa mirathi: Maskati kwa kaka yao Thuwaini, Unguja kwa Majid, na Majid alipe fedha 40,000 kila mwaka. Majid huyohuyo ndiye aliyekuja upande huu, kwenye kijiji cha Mzizima, akaanza kujenga mji akauita Dar es Salaam. Nyumba ya salama imejengwa na mtu aliyetoka kugombana na nduguze, na ukitaka kuthibitisha, njoo ukae kwenye benchi langu Jumatatu asubuhi.

Na tunajua mengi ya ndani kwa sababu ya binti mmoja wa Seyyid Said, Salme. Alijifundisha kuandika kwa siri, wakati mabinti walifundishwa kusoma tu. Ugomvi ulipowaka alikuwa na miaka kama 15, na kwa kuwa alijua kalamu, upande wa Barghash ukamfanya mwandishi wao. Barua za njama zilipita mkononi mwake. Baadaye akamfuata mume Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake huko, akieleza anavyojuta kumpinga Majid, aliyekuwa mwema kwake. Namsoma ninavyomsoma Orwyle: alikuwemo, anajua, na ana jambo lake la kujitetea. Ila Orwyle amebuniwa. Salme alizaliwa Mtoni, Unguja.

Kilwa ya bibi yangu nayo ina tarikhi yake ya wafalme, ya karne ya 16, na imetufikia kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu, na muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapwa mwaka 1552. Hazikubaliani. Zote zinasema Ali, mtu wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo. Nakala ya Kiarabu inaongeza kwamba yule mwenye kisiwa alipanga arudi maji yakipwa aue watu, wakachimba mkondo asiweze kuvuka. Bibi hakukubali habari ya kuchimba. Kwake, ilisomwa Kurani mpaka bahari yenyewe ikazama kina. Halafu wakaja wachimbuzi, akina Neville Chittick, na sarafu za shaba na vigae, wakasema ukoo huo ulianza karne mbili hivi baada ya tarikhi inavyodai. Mashahidi wanne. Nilivyokuwa mdogo nilitaka kujua nani kasema kweli. Siku hizi nawaweka wote kwenye benchi, nawasogezea kahawa.

Wiki iliyopita waliingia ndugu wa marehemu mmoja, wanaume wanne na shangazi yao mtu mzima, kanga kajifunga mbili, kimya. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikia, macho yako kwenye ile karatasi ya mti wa Targaryen. Kaka mkubwa akanipa muhtasari wa kwenye daftari. Nikafungua faili langu la siku zote, nukta zikingoja jina.

"Mimi nimekataa," shangazi akasema.

"Shangazi, tulishayamaliza," kaka mkubwa akasema.

"Mmeyamaliza nyie. Chumba cha uani nilikijenga kwa hela yangu ya vitumbua. Kaka yangu alijua. Andika nimekataa."

Kaka mkubwa akanitazama. "Dada, wewe chapa kama ilivyo hapo."

Nikawaambia, kwa upole wa mtu anayetaka kulipwa, kwamba mbele ya hakimu shangazi ataulizwa, na atasema, na karatasi itaonekana ya uongo. Kwamba kumteua msimamizi na kugawa chumba ni mambo mawili, hata wakitofautiana kwenye la pili la kwanza linaweza kusimama. Walinong'ona mlangoni kama robo saa. Muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake asikie. Waliporudi, kaka mkubwa alisema, "Haya. Weka."

Nikafuta "kwa kauli moja." Nikaandika wajumbe wanne walimteua fulani, na chini yake: "Dada wa marehemu alieleza kuwa chumba cha uani alikijenga mwenyewe kwa fedha za biashara yake ya vitumbua, na kwamba marehemu alilijua hilo. Mjumbe mmoja alisema marehemu hakuwahi kulitamka. Mjumbe mwingine alisema aliwahi kusikia."

Shangazi akataka nimsomee. Nikamsomea. Akataka tena, nikamsomea tena, akasogeza kidole gumba kwenye wino bila kuambiwa.

Muhtasari ulivuka ukurasa, kwa hiyo niliwatoza elfu mbili badala ya moja, na kaka mkubwa aliilalamikia ile elfu ya pili mpaka wakapotelea kituoni.